Tumwombe, Tumwombee

Katuba, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 23 Februari 1975

Kwako Yaya Agnès, dada yangu mkubwa mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako Kalaba, na kutoka kwa wote wa nyumba hii. Hujambo, Yaya? Magoti yanakuachia usingizi kidogo, au mvua za mwaka huu zimeyaamsha tena? Ziwa linatoa samaki? Na binti yako Edith anaendelea na masomo, au bado anakimbia shule kila siku ya soko? Ukituuliza sisi, tunapumua. Hiyo ndiyo habari njema, nami nimeitanguliza usije ukaitafuta huko mbele ukaikosa.

Samaki uliompa Mutale, yule dereva wa lori, walifika wakiwa wakavu na wazima, hakula hata mmoja njiani, jambo ambalo ni muujiza ukimjua Mutale. Mke wangu Kunda aliwapika na majani ya sombe, na watoto wakagombania vichwa kama kawaida yao. Kunda mwenyewe anaendelea vizuri, isipokuwa miguu inamvimba kwa kusimama kwenye mstari wa unga. Anaondoka alfajiri, na siku nyingine anarudi saa sita na kikapu kitupu na habari za mstari mzima. Mimi bado niko kwenye mashine yangu ya kuandikia katika ofisi za kampuni ya migodi. Wanasema bei ya shaba imeanguka huko Ulaya. Sijui inaangukaje, lakini kila inapoanguka huko, bukari, ugali wetu, inapungua huku. Nina miaka arobaini na moja, Yaya, na asubuhi nikiamka najiona nimekwisha fanya kazi ya siku nzima.

Kuhusu mdogo wetu Donat, sina jipya. Miaka miwili na miezi mitatu imepita tangu alipokwenda kuandikisha jina la binti yake. Unakumbuka alivyoshupaa, akitaka mtoto aitwe Marie-Thérèse kama mama yetu, na karani akamwambia kwamba majina ya Wazungu yamekwisha katika nchi hii kwa amri ya Rais. Donat naye, na ule ulimi wake, akamwuliza karani kama na suruali aliyovaa ni ya mababu. Vijana wa Chama tawala waliomchukua walisema ni maswali mawili matatu tu. Nimepanda ngazi za ofisi zote ninazozijua. Katika moja wananiambia niende nyingine, na katika hiyo nyingine wananiambia hawana mtu wa jina hilo, pengine alivuka mpaka wa Kasumbalesa akawakimbia ninyi wenyewe. Mtoto sasa anatembea, anasema, anaimba, na kwenye karatasi bado hana jina.

Sasa nije kwenye swali lako. Katika barua yako ya Noeli, Noeli ambayo sisi huku tuliipitisha kazini kama siku nyingine yoyote kwa amri ya serikali, uliniuliza kama bado ninamwombea Rais na wakubwa wote, kama mama alivyotufundisha na kama Paulo Mtakatifu alivyomwandikia Timoteo. Ulisema kwamba asiyewaombea wakubwa wake hana haki ya kuwalalamikia. Nilisoma maneno hayo nikaitia barua katika kitabu changu cha sala. Kabla sijakujibu yakatokea mambo ambayo lazima nikueleze taratibu, kwa mpango wake.

Unajua kwamba katika parokia yetu mimi ndiye ninayesoma maombi ya waamini kila Jumapili. Abbé Mwansa, padri wetu, yule mzee wa kikohozi aliyetufungisha ndoa, anayaandika kwa mkono wake siku ya Alhamisi. Mimi ninayachapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, tunatoa karatasi arobaini, na kila kiongozi wa sala mtaani anapata yake. Ombi la pili ni lile lile kila wiki, halijabadilika tangu nilipoanza: Tumwombee Rais wetu, apate hekima, na atuletee amani na haki. Watu wanaitikia: Utusikie, ee Bwana. Nimelisoma mara nyingi mpaka mdomo unalisema huku kichwa kikiwaza unga.

Sasa angalia neno hili la kwanza. Sisi watu wa hapa tukiongea wenyewe tunasema tumuombeye, na hakuna anayekosea. Lakini kile Kiswahili cha vitabu vya mapadri kina tumwombee, kwa e mbili, na ukiitoa moja neno halifi, linageuka tu kuwa neno jingine. Jumapili ya tarehe 26 Januari, karatasi zote arobaini zilitoka na e moja. Nami nikasimama mbele ya kanisa lililojaa, nikasoma kama ilivyoandikwa: Tumwombe Rais wetu. Na watu wote, kwa mazoea, wakaitikia: Utusikie, ee Bwana. Nilipoketi nilisikia minong'ono kwenye mabenchi ya akina mama, kwa sababu wengine walianza kujiuliza Bwana waliyemwitikia alikuwa nani.

Mbele kabisa alikuwa ameketi Kabwe. Unamkumbuka Kabwe, tulisoma naye darasa moja kwa mapadri, akiimba sauti ya pili na kulia akikosea. Leo ni Citoyen Kabwe, Raia Kabwe, mkubwa wa Chama katika mtaa wetu, na anavaa lile koti lake lililofungwa mpaka shingoni hata jua likiwaka vipi. Misa ilipokwisha alinikumbatia mlangoni, jasho lake likanilowesha, akasema kwa sauti ili wote wasikie: «Citoyen Kalaba, leo njo mulisema muzuri! Kanisa ilikuwa inachelewa, lakini sasa imefika!» Akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni, akaigongagonga. Nilicheka. Sikujua nifanye nini kingine, na Kabwe akicheka inafaa na wewe ucheke.

Abbé Mwansa hakucheka. Aliniita sakristia, akafunga mlango, akachukua ile stensili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa upole: «Kalaba, mutoto wangu, ni mashine?» Nikamjibu kwamba ni mashine, herufi ya e imechoka, siku hizi inaruka. Alikohoa, akasema basi ni mashine. Kisha akaenda nayo jikoni, ambapo mpishi wake alikuwa amebandika maharage, akaitia kwenye makaa.

Siku ile alinieleza jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema kwamba kumwomba mtu ni kumketisha pale anapoketi Mungu. Kumwombea ni kumteremsha kutoka pale na kumleta hapa kwenye benchi letu, kati ya watu wenye njaa na dhambi, na kumwambia Mungu: huyu naye ana shida, msaidie. Ndiyo maana, alisema, wakubwa wengi wanapenda kusifiwa kuliko kuombewa. Nikamwuliza, Yaya, kama inawezekana kumwombea mtu ambaye moyo wako haumtaki. Akaniambia kwamba mfalme aliyetawala Paulo alipoandika tuwaombee wafalme, watu wanasema ndiye aliyekuja kumkata kichwa. Akasema hatuombwi kumpenda mtu kwa nguvu, tunaombwa kumtaja mbele za Mungu. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa.

Jumatano yake Kabwe alikuja parokiani na vijana wawili. Alileta amri kwamba maneno yale yasibadilishwe tena, kwamba yamewapendeza wakubwa, na kwamba parokia nyingine zitapelekewa karatasi yetu iwe mfano. Abbé alimwambia kwamba lile lilikuwa kosa la uandishi, na kwamba kosa halifanywi sala. Kabwe akasema kwamba pengine Roho Mtakatifu naye anajua kupiga mashine. Vijana wakacheka. Jumapili iliyofuata Abbé aliniambia nikae, akasimama mwenyewe, na kwa kile kifua chake kibovu akasoma Tumwombee, akaivuta ile e ya mwisho mpaka watoto wakageuka kumtazama. Kila mtu alielewa. Kabwe alielewa kuliko wote, maana yeye ndiye aliyekuwa amekwisha ripoti huko juu kwamba Kanisa la mtaa wake limeongoka.

Walimwita Abbé siku tatu mfululizo. Asubuhi anakwenda, jioni anarudi, na kila siku anarudi mdogo zaidi. Walimwuliza nani anayemchukia Rais katika parokia ile. Walimwuliza kwa nini amwondoe Rais mahali ambapo waamini wenyewe wamemweka. Walimwuliza habari za mwandishi wa karatasi, na hapo, Yaya, Abbé aliwaambia kwamba mwandishi ni mtu mwema asiyejua lolote, anachapa anachopewa, na kwamba kosa lilitoka katika mkono wake yeye mzee. Haya nimeyajua kwa Kabwe mwenyewe, aliyekuja kunipongeza kwamba jina langu ni safi. Wakubwa wa Kanisa waliona mzee yule hatastahimili siku ya nne. Wakamtoa, wakamweka mahali apumzike, na wakakubaliana na serikali kwamba ahamishwe mbali. Jumapili mbili alipokuwa hayupo alikuja padri kijana ambaye hakutaka kujua chochote, akaniambia nisome kinachowekwa mbele yangu. Kilichowekwa ni e moja. Nikasoma.

Sasa, Yaya, kaa chini. Kama Edith yuko karibu, mtume maji kisimani.

Haikuwa mashine. Mashine ya ofisini ni mpya, e yake inapiga kama nyundo. Alhamisi ile nilikuwa nimelichapa neno kama ninavyolichapa siku zote, kwa e mbili, vidole vyenyewe vinajua njia. Halafu nilitazama lile ombi, na siku hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nimetoka ofisi moja ambako karani aliniambia nisirudi tena kuuliza habari za Donat, kwa sababu nikiendelea kuuliza watanikutanisha naye. Alisema hivyo akipiga miayo. Nikakumbuka pia barua yako na swali lako. Nikaona kwamba siwezi. Miaka miwili yote nilikuwa ninasema Tumwombee na moyoni sisemi kitu, au ninasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi itakayosomwa na wewe. Nikachukua ile chupa ndogo ya rangi nyekundu tunayofutia makosa kwenye stensili, nikachovya brashi, nikaifunika e ya mwisho. Nikapuliza mpaka ikakauka.

Sikutaka kumfanya Rais kuwa Mungu, naapa kwa kaburi la mama. Nilitaka kumwomba. Nilikuwa nimeomba kwenye madirisha yote ya mji huu, na kila dirisha lina karani na kila karani ana miayo. Nikafikiri, kanisani siku ya Jumapili watu mia nane watasema kwa sauti moja: tunakuomba wewe mkubwa, pata hekima, tuletee haki, turudishie watu wetu. Hakuna atakayeweza kutukamata, kwa sababu itakuwa sala. Nilijiona mwerevu, Yaya. Kati ya watu mia nane, aliyenielewa ni mmoja tu, Mama Kapya, ambaye mwanawe naye alichukuliwa. Alinishika mkono nyuma ya kanisa akaninong'oneza: «Mwana, leo ulituulizia batoto betu.» Wengine wote walisikia kile alichosikia Kabwe. Nilitaka kulalamika, nikasikika ninaabudu.

Na Abbé alijua. Rangi ile ikikauka inaacha doa jekundu kama damu ya mbu, na ukiinua stensili kwenye dirisha unaliona mara moja. Aliliona. Akaniuliza kama ni mashine ili anipe nafasi ya kusema kweli, nami nikamjibu mashine. Akaichoma stensili wasije wakaiona wengine. Kisha akaenda siku tatu kuulizwa kwa ajili ya kosa langu, na mimi siku hizo tatu nilikuwa ofisini nikichapa hesabu za vifaa, nikila mkate wangu saa sita, nikisubiri mtu mwingine aseme kweli badala yangu. Ninaona aibu kuandika hivi. Donat kwa ulimi wake mrefu hakumtupia mtu mwingine kosa lake.

Mzee aliyekuletea barua hii, mwenye sanduku la mbao na kikohozi, ndiye Abbé Mwansa. Wamemtuma kwenye misheni ya upande wenu. Anaondoka kesho na lori la Mutale, na njia ya Pweto ya kuja kwenu wakati huu ni tope tupu, kwa hiyo atafika amechoka sana. Nilikwenda kwake jana kumwambia kwa mdomo wangu. Nilimkuta anafunga vitabu kwa kamba. Nilifungua mdomo, nikamwuliza kama anahitaji kamba nyingine. Ndivyo nilivyo siku hizi. Kwa hiyo ninakuomba, Yaya, usimpe barua hii aisome mwenyewe, macho yake hayaoni vizuri jioni. Mpe kwanza maji ya moto aoge, mpikie samaki mbichi na bukari, mwache alale. Kesho yake umsomee kuanzia pale nilipokuambia ukae chini. Mwambie ninaomba msamaha, na kwamba ninajua alijua.

Jambo moja limebaki. Leo walimruhusu Abbé kusoma misa ya kuaga. Kabwe alikuwa benchi la mbele, karatasi yenye e moja iko mbele yangu, imechapwa na mikono yangu hii hii. Abbé aliketi kwenye kiti chake, hakunitazama, nadhani kwa makusudi, asinisukume. Nilisimama. Nikasoma: Tumwombee Rais wetu. E mbili, wazi, ya pili nikaikanyagia. Na kabla watu hawajaitikia, nilijaribu kufanya nilivyoambiwa, kumtaja tu. Niliyoweza kumwombea yalikuwa machache. Nilisema moyoni: Bwana, yule naye ana mdogo wake mahali, umkumbushe ilivyo mtu kumngojea mdogo wake. Ndiyo sala yote. Ni ya kwanza ya kweli katika miaka miwili, na hilo ndilo jibu la swali lako.

Watu waliitikia kwa nguvu. Kabwe hakuitikia. Alitoka kabla ya baraka, na mlangoni hakunipa mkono. Tangu saa nane mchana mmoja wa wale vijana wa Kabwe ameketi kwenye jiwe mkabala na lango letu, anakula karanga. Kunda amemwona akafunga dirisha, na mimi nimemwona nikaendelea kuandika.

Basi, Yaya, nisalimie Edith na umwambie soko halikimbii, shule ndiyo inayokimbia. Nisalimie majirani wote wanaotukumbuka. Kunda anakusalimu, watoto wanauliza lini utakuja na vichwa vya samaki. Na kama kabla ya Pasaka utamwona Kunda anashuka kwenye lori la Mutale na watoto, bila mimi, tafadhali usimwulize kitu siku ya kwanza. Mpe chumba cha ndani. Na yule mtoto wa Donat, kama atakuwa pamoja nao, mwite Marie-Thérèse kwa sauti, hata mbele za watu.

Mungu akulinde.

Mdogo wako anayekupenda,
Kalaba